Utafiti wa Maji ya Chai Uko Wapi? Kweli na si kweli kuhusu makala huria za tiba

Maji yanayoteremka kutoka Mlima Meru yamepimwa, yamechujwa na kuandikwa kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1984 Nanyaro na wenzake walichapisha vipimo vya miteremko ya mashariki na kusini katika jarida la Journal of African Earth Sciences. Mito ilikuwa na floraidi miligramu 12 hadi 26 kwa lita, chemchemi 15 hadi 63, madimbwi na maziwa ya magadi 60 hadi 690. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi 1.5. Tarakimu hizo zinaeleza meno ya kahawia yanayomtambulisha mtu wa Arumeru kabla hajataja kwao, na zinaeleza pia mifupa iliyopinda ya baadhi ya watoto wa ukanda huu.

Maji ya Chai, kati ya Usa River na Kikatiti kwenye barabara kuu ya Arusha na Moshi, wapo wanaoamini kwamba rangi ya mto wao ndiyo floraidi yenyewe, na kwamba ukichemsha sana inatoka. Yote mawili si kweli. Floraidi haina rangi. Na ukichemsha, yanayopungua ni maji. Floraidi inabaki palepale sufuriani, kwa hiyo kadiri unavyochemsha ndivyo inavyozidi kukolea.

Hayo yote yameandikwa. Lakini yameandikwa wapi, nani anaweza kuyapata, na yatakuwepo mpaka lini? Huko nako kuna imani potofu, na wanaozishika wengi wao ni wasomi.

"Makala ikiwa huria haiwezi kupotea."

Si kweli, na hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Makala huria ni ile unayoisoma bila kulipa. Neno hilo halisemi lolote kuhusu nani anaitunza. Mwaka 2021 Mikael Laakso, Lisa Matthias na Najko Jahn walichapisha utafiti wao kuhusu majarida huria yaliyotoweka mtandaoni kati ya 2000 na 2019. Walipata 174, ya fani zote na ya kila pembe ya dunia. Hayakuchomwa moto wala hayakupigwa marufuku. Mhariri alistaafu, idara ikakosa fedha, chuo kikabadilisha tovuti, ada ya jina la tovuti haikulipwa. Asubuhi moja kiungo kikafungua ukurasa mtupu.

Sasa rudi kwenye ile makala ya 1984. Jarida lake ni la kulipia, la mchapishaji mkubwa wa Ulaya. Mwalimu wa sekondari ya Maji ya Chai akitaka kusoma vipimo vya mto unaopita karibu na shule yake ataombwa dola. Ni aibu, sisemi vinginevyo. Hata hivyo makala hiyo haitapotea kirahisi, kwa sababu wachapishaji wakubwa huweka nakala kwenye maghala ya kidijitali kama Portico, yaliyoundwa ili kazi ibaki hata mwenye jarida akifilisika. Kwa hiyo tunazo makala zilizofungwa zinazotunzwa vizuri, na tunazo makala zilizo wazi zinazoning'inia kwenye seva moja chini ya meza ya ofisi. Kufungua ni kazi moja. Kutunza ni kazi nyingine, na huwa na bajeti yake.

"Utafiti wa zamani kuhusu watu wetu huwezi kuusoma bila kulipa."

Nusu kweli. Daktari Michael Latham, mzaliwa wa Kilosa ambaye baadaye alifundisha lishe Chuo Kikuu cha Cornell, alichunguza pamoja na P. Grech madhara ya floraidi kwa watu wa kaskazini mwa Tanganyika. Makala yao ya 1964 ilitoka katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Tiba ya Kitropiki ya Uingereza, na mpaka leo ulipie au uwe na chuo kilicholipia. Nyingine ya 1967 ilitoka katika jarida la afya ya jamii la Marekani, American Journal of Public Health. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilipoamua kupiga picha matoleo ya zamani ya majarida na kuyaweka kwenye ghala lake la PubMed Central, jarida hilo lilikuwemo. Leo mwenye simu na bando anaifungua akiwa kituo cha basi.

Watafiti walewale, tatizo lilelile, miaka mitatu tu katikati. Moja imefunguka na nyingine imebaki nyuma ya kaunta, na si kwa sababu ya ubora wa yeyote kati yao.

"Ina namba ya DOI, basi imehifadhiwa."

Si kweli. DOI ni ile namba inayoanza na 10 na nukta, ambayo makala hupewa ili ipatikane hata tovuti ikihama. Inafanya kazi kama kibao cha njia panda: mchapishaji akihama, anatakiwa kukigeuza kielekee anwani mpya. Asipokigeuza, au akifa na jarida lake, kibao kinabaki kimesimama kikionyesha pori.

Mwaka 2024 Martin Paul Eve wa Crossref, shirika linalosajili namba hizo, alitoa matokeo ya kukagua zaidi ya makala milioni 7 zenye DOI. Kiasi cha asilimia 28, yaani zaidi ya milioni 2, hakuzikuta kwenye ghala lolote kubwa la uhifadhi. Na wachapishaji walioweka angalau robo tatu ya kazi zao katika maghala matatu au zaidi hawakufika hata asilimia moja. Ukiona DOI kwenye jarida la chuo, shukuru, halafu uliza swali la pili: nakala nyingine iko wapi?

"Utafiti wowote wa maana wa tiba uko PubMed."

Si kweli, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo Maji ya Chai inapopotelea.

PubMed, faharasa ya mtandaoni ya makala za tiba, ilianza mwaka 1996, na nasaba yake inarudi hadi 1879, John Shaw Billings alipoanzisha Index Medicus, faharasa ya kuchapwa ya makala za tiba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa daktari wa leo daftari ni hilo. Asipoikuta makala humo, mara nyingi huandika kwamba utafiti haupo. Kisha huomba fedha aufanye upya.

Chukua magadi. Kupikia magadi maharage au makande ni jambo la kila siku kaskazini mwa Tanzania, na baadhi ya magadi hayo yana floraidi nyingi kuliko maji. Vuhahula na wenzake waliandika kuhusu uhusiano wa magadi, maji na meno yaliyoharibika katika Bonde la Ufa. Makala ikachapishwa mwaka 2010 katika Desalination, jarida la wahandisi wa kuondoa chumvi kwenye maji. Jarida la wahandisi halimo katika faharasa ya madaktari. Kwa hiyo daktari wa meno anayetafuta kwa njia yake ya kawaida anaweza asikutane na kazi ya madaktari wa meno wenzake. Tatizo la maji lina bahati mbaya hiyo: nusu yake ni tiba na nusu ni uhandisi, na kila upande una daftari lake.

Kuna pia mambo ya makongamano. Oktoba 1995 Ngurdoto, jirani kabisa na Maji ya Chai, kulifanyika warsha ya kwanza ya kimataifa ya kuzuia maradhi ya floraidi na kuiondoa kwenye maji. Mahali palichaguliwa kwa sababu nzuri: Ngurdoto pana kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kumbukumbu za warsha zilihaririwa na Eli Dahi na wenzake, zikachapishwa mwaka 1997 na Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Floraidi huko New Zealand. PubMed huorodhesha majarida, na kwa kawaida kitabu cha warsha hakimo. Jumuiya hiyohiyo ina jarida lake, Fluoride, linalotoka tangu 1968, nalo halikukubaliwa katika MEDLINE, kiini cha PubMed. Zipo sababu za kulisoma kwa tahadhari, maana limekuwa uwanja wa wanaopinga kutia floraidi kwenye maji ya bomba huko Marekani na kwingineko. Ugomvi huo si wetu. Sisi hatutiliwi floraidi na mtu; tunatiliwa na mlima. Lakini vipimo vya visima vyetu vilivyoandikwa humo vinabeba adhabu ya ugomvi huo.

Hata makala ikiwa ndani, jina la kijiji linaweza kupotea. PubMed huzipa makala vichwa vya mada kutoka orodha maalumu, na tangu 2022 kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Orodha hiyo inaujua ugonjwa wa floraidi ya meno na inaijua Tanzania. Haiijui Arusha, sembuse Maji ya Chai. Mwandishi asipotaja kijiji kwenye kichwa cha makala au kwenye muhtasari, ukitafuta kwa jina la kijiji hutamwona. Mmoja ataandika Arumeru, mwingine Meru, wa tatu "kijiji kimoja kaskazini mwa Tanzania", na wote watatu wamechota maji kwenye mto mmoja. Ningekuwa mhariri, muhtasari wa aina hiyo ya tatu ningeurudisha kwa mwenyewe.

Kwa hiyo tafuta na kwingine. African Journals Online, iliyoanza 1998 na sasa ina makao Afrika Kusini, inabeba mamia ya majarida ya bara hili, likiwemo Tanzania Journal of Health Research la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. African Index Medicus ya ofisi ya kanda ya Shirika la Afya Duniani iliundwa hasa kwa ajili ya makala ambazo faharasa za ng'ambo hazikuziona.

"Ikiwa PubMed, imeshakaguliwa na wakubwa."

Nusu kweli. PubMed ina vyumba zaidi ya kimoja. Majarida ya MEDLINE huchaguliwa na kamati inayoangalia ubora wa sayansi na uhariri. Lakini makala nyingine huingia kupitia PubMed Central kwa sababu mtafiti alipewa fedha na serikali ya Marekani na sheria inamtaka aweke nakala hapo, hata kama aliichapisha katika jarida la ovyo. Kuhusu Google Scholar, iliyoanza 2004, huko roboti hukusanya chochote chenye sura ya makala. Jarida linalojitangaza kwa herufi kubwa kwamba "limeorodheshwa Google Scholar" limejisifu kwa kuonekana na roboti. Ukitaka uhakika, fungua katalogi ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, andika jina la jarida, uone kama imeandikwa kwamba kwa sasa limo MEDLINE. Ni kazi ya dakika chache na ingewaokoa walimu wengi wa vyuo ada ya kuchapisha walioitoa mfukoni.

"PubMed ni mali ya dunia."

Si kweli. Ni mali ya serikali ya Marekani, na seva zake zinategemea bajeti ya huko. Tunaisahau hali hiyo kwa sababu imekuwa ikifanya kazi vizuri mno. Kanada walikuwa na tawi lao la PubMed Central. Februari 2018 likafungwa. Makala hazikupotea, kwa kuwa nakala zilikuwepo kwingine, lakini mlango ulifungwa. Mapema Machi 2025 PubMed yenyewe ilikatika kwa saa kadhaa na watafiti wa dunia nzima wakatazamana. Mwaka huohuo maktaba ya sayansi za uhai ya Ujerumani, ZB MED, ikatangaza kwamba inaandaa mbadala.

Kabla ya hapo, mwanzoni mwa Februari 2025, tovuti ya USAID, shirika la misaada la Marekani, ilizimwa. Ripoti ngapi za afya za Afrika Mashariki zilikuwa na kiungo cha huko tu? Aliyepakua nakala yake anayo.

"Basi tuchape kwenye karatasi" na "Nimeweka kwenye flash."

Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani ulishuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger pamoja na sehemu kubwa ya makusanyo yake kuhusu Afrika. Karatasi moja mahali pamoja ni sawa na faili moja mahali pamoja. Flash siisemei zaidi, kila mmoja wetu ana yake iliyokufa.

"Makala ikigundulika ina uongo ni bora ifutwe kabisa."

Si kweli. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji ilibatilishwa na The Lancet mwaka 2010, lakini bado inasomeka, ikiwa na alama ya kubatilishwa kila ukurasa. Ikiondolewa, waliodanganywa nayo watabaki na nakala zisizo na alama na sisi tutabaki bila ushahidi. Faharasa nzuri huorodhesha hata hukumu.

"Majarida yetu madogo hayana uwezo wa kujihifadhi."

Si kweli, na visingizio vinapungua kila mwaka. Kanuni ya uhifadhi ni ya miaka ya mwisho ya karne iliyopita, kutoka maktaba ya Chuo Kikuu cha Stanford na mfumo wake wa LOCKSS: nakala nyingi, sehemu tofauti, zikikaguana zenyewe mara kwa mara ili iliyooza itengenezwe kwa kufuata zilizo nzima. Kutoka hapo likazaliwa ghala la CLOCKSS, ambalo makala zake hufichwa mpaka jarida life, kisha hufunguliwa kwa wote bure. La kwanza kufunguliwa hivyo mwaka 2008 lilikuwa la tiba: Graft, la upandikizaji wa viungo.

Hayo ni ya wenye fedha, utasema. Lakini majarida mengi ya vyuo vyetu yanaendeshwa kwa programu ya bure ya OJS, na watengenezaji wake wana mtandao wao wa uhifadhi, nao bure, unaofuata kanuni hiyohiyo. Jarida likiwa na namba ya ISSN na limeshachapisha, msimamizi wa tovuti anaingia kwenye mipangilio, anawasha programu-jalizi ya uhifadhi, anakubali masharti. Tangu 2020 orodha ya majarida huria ya DOAJ nayo inashirikiana na CLOCKSS na Internet Archive kuyatunza majarida yasiyowatoza waandishi ada. Gharama inayobaki ni ya mtu mmoja kukumbuka, na huyo ndiye hukosekana.

Mfano mzuri hauko mbali. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha mjini, ina Kamisheni ya Utafiti wa Afya yenye jarida huria lililoanza 2017, East African Health Research Journal. Makala zake zimo PubMed Central. PubMed Central haipokei picha ya ukurasa tu kwa majarida mapya. Inataka maandishi yenyewe katika muundo wa XML, ambao kompyuta ya miaka hamsini ijayo itaweza kuusoma hata programu za leo zikisahaulika. Na hapo Tengeru, mwendo mfupi kwa daladala kutoka Maji ya Chai, Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia ina hazina ya mtandaoni inayoweka tasnifu za wanafunzi wake, zikiwemo za kuchuja floraidi. Hazina ya chuo ni hatua ya kwanza tu. Nayo inahitaji nakala nje ya chuo.

"Utafiti wa miaka ya nyuma umepitwa na wakati, hauna haja ya kutunzwa."

Si kweli, hasa kwa maradhi haya. Floraidi kwenye meno huingia utotoni, kwenye mifupa hujikusanya kwa miaka mingi. Anayetaka kujua kama hali ya kijiji inabadilika lazima awe na vipimo vya walioishi hapo zamani. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, kwa sababu kufuata 1.5 kungemaanisha kufunga vyanzo na kuwaacha watu bila maji. Baadaye kikawa 4, na sasa 1.5. Mtu wa miaka hamsini na kitu Arumeru huenda alikunywa maji yaliyokubalika kisheria wakati huo. Daktari anayempiga picha ya mgongo leo anahitaji kujua alikunywa nini mwaka 1980, na jibu limo kwenye makala ambazo hakuna atakayezipima upya.

Hata mkaa wa mifupa una historia yake kwenye maandishi. Mifupa ikichomwa kwa joto dogo, maji hutoka na harufu na rangi, na watu huyamwaga. Ikichomwa kwa joto kubwa mno, maji hutoka safi na matamu, lakini uwezo wa kunasa floraidi umeshuka, na hakuna anayejua mpaka apime. Joto linalofaa liko katikati, na lilitafutwa kwa miaka na watafiti waliofanya kazi Ngurdoto. Tarakimu zao zimo kwenye vitabu vya warsha, ripoti za wizara na majarida ambayo baadhi yake hayamo katika faharasa yoyote ya tiba. Kijana wa Tengeru anayeandika tasnifu ya chujio jipya mwaka huu akizipata ataanzia pale walipoishia. Asipozipata ataanza na tanuri, gunia la mifupa na kukisia.